Fundi wa Kusawazisha Sauti: Kuirudia The Conversation

Filamu za majambazi tunazo tele. Za mapolisi, za wanamuziki, za waandishi waliokwama kwenye ukurasa wa kwanza, hizo ndo usiseme. Lakini filamu ambazo mhusika mkuu anashinda mezani akisawazisha sauti za watu wawili wanaoongea, ili neno la huyu lisimezwe na neno la yule wala na makelele ya mtaani, ni za kuhesabu kwa vidole. Kwangu mimi The Conversation ya Francis Ford Coppola, ya mwaka 1974, ndiyo iliyo juu ya zote. Naileta kwenye blogu ya vitabu kwa sababu inauliza jambo ambalo sisi wasomaji tunalipita haraka: maneno yale yale, yakisikika kwa nguvu tofauti, bado ni maneno yale yale?

Naonya mapema kwamba nitaeleza mwisho wake. Filamu ina zaidi ya miaka 50 sasa, jamani, muda mmepewa.

Harry Caul, anayeigizwa na Gene Hackman, ni mtaalamu wa kunasa mazungumzo ya watu huko San Francisco. Mkurugenzi wa kampuni fulani amemkodi arekodi mazungumzo ya kijana mmoja na mwanamke wakiwa Union Square mchana kweupe. Uwanja umefurika: wafanyakazi wa maofisini, bendi ya mtaani, mchekeshaji anayeigiza bila kutoa neno. Wawili hao hawatulii. Wanazunguka, wanazunguka, kwa sababu uwanja wenye kelele unaficha siri kuliko chumba kilichofungwa. Caul amewapanga watu wake. Wengine wako juu ya majengo na maikrofoni ndefu zinazolengwa kama bunduki, mwingine anatembea chini katikati ya watu akiwa na maiki ndani ya mfuko. Kazi ikiisha, Caul anabaki na kanda tatu, na kila moja ina kipande ambacho nyingine zimekikosa.

Hapo ndipo filamu inapoanza kwa kweli. Coppola anatuweka kwenye karakana ya Caul, kwenye ghala kubwa lililo karibu tupu, tuangalie mikono yake. Anarudisha kanda nyuma, anapeleka mbele, anaacha ya kwanza inapofifia na kuidaka ya pili, anapunguza ngoma, anaongeza midomo. Sentensi ambayo mara ya kwanza ilikuwa mkwaruzo mtupu, mara ya tatu inakuwa sentensi. Nimewahi kusikia watu wakilalamika kwamba sehemu hii inachosha. Mimi naona ni kati ya sehemu chache za sinema zinazofanana na kusoma: unarudia mstari mmoja mpaka unakufungukia.

Kwa asiyeijua kazi hii, shida iko hivi. Mahali pa wazi, umbali kati ya mdomo na maiki ukiongezeka mara mbili, sauti inashuka kwa takriban desibeli 6. Mtu akigeuza shingo tu, herufi kama s na t zinapotea kwanza, na hizo ndizo zinazotusaidia kutofautisha neno na neno. Mtu mmoja anacheka, mwingine anaongea kifuani. Sasa wachukue wawili wa namna hiyo wakitembea, halafu utake msikilizaji aliyekaa kwenye kochi awasikie wote bila kunyanyua rimoti. Mhariri anapitia mazungumzo kipande kwa kipande, mara nyingine neno kwa neno, hapa anapandisha, pale anashusha. Kisha ndiyo inakuja kompresa. Usiichanganye na ile ya fundi wa pancha. Hii ya sauti inashusha vilele vinavyopita kiwango fulani, kisha mhariri anapata nafasi ya kuinua kila kitu kwa pamoja. Ukiizidisha, hata pumzi ya mtu kati ya sentensi inapanda mpaka inalingana na maneno, na mzungumzaji anasikika kama amekimbizwa.

Siku hizi kuna vipimo rasmi. Muungano wa watangazaji wa Ulaya, EBU, ulitoa mwongozo wake wa R 128 mwaka 2010, ukaweka kiwango cha wastani cha kipindi kuwa -23 kwa kipimo kinachoitwa LUFS, ambacho kinajaribu kupima sauti jinsi sikio linavyoihisi na si jinsi umeme unavyoisoma. Netflix wao wanataka -27, na wanapima mazungumzo hasa, si mlio wa jumla wa filamu. Hata programu za simu kama CapCut zina kitufe cha kulinganisha sauti zote kwa mpigo mmoja. Unabonyeza, inaisha.

Inaisha kweli?

Ukurasa wa kitabu ni kitu ambacho tayari kimesawazishwa. Mnong'ono na ukelele vinachapwa kwa herufi za ukubwa mmoja, kwa wino mmoja. Mwandishi akitaka tusikie tofauti anaongeza kitenzi: alinong'ona, alifoka, alijibia puani. Aliye hodari hata kitenzi hicho hakihitaji, anaipanga sentensi hivi kwamba sikio la msomaji linajua lenyewe nani amekaa karibu na nani yuko mlangoni. Kwenye video hakuna "alinong'ona". Kuna kiwango, kuna pumzi, kuna kimya kabla ya neno. Anayeshika kiwango ndiye anayeandika vile vitenzi, na jina lake tunaliona mwishoni wakati watu wameshawasha taa.

Mimi hukata mahojiano ya video kama sehemu ya kazi yangu ya habari, na jambo hili silioni kama nadharia. Chukua mkutano wa kijiji wa kawaida. Kiongozi amebaniwa maiki kwenye kola. Mama aliyekaa benchi la nyuma anauliza swali bila maiki, ananaswa na ile ya kwenye kamera. Ukifungua kompyuta, sauti ya kiongozi ni mlima, ya mama ni uzi. Unaupandisha uzi, unapanda na feni, na jogoo, na bodaboda iliyopita. Unafuta kelele, unapandisha tena. Mwishowe wanalingana, na kwa upande mmoja hiyo ni haki. Swali lake lilikuwa zuri kuliko hotuba nzima, kwa nini lipotee eti kwa sababu hakupewa maiki? Lakini mama yule aliongea chini kwa sababu mwenyekiti wake alikuwa anamtazama. Ukimlinganisha na kiongozi sawasawa, mtazamaji wa mbali anamsikia mwanamke aliyejiamini, kwenye mkutano ambao watu waliongea kwa uhuru. Ule woga, ambao ndiyo ilikuwa habari yenyewe, umeondoka kwa kipanya. Ninachofanya ni kumwinua mpaka kila neno lake lieleweke, halafu kumwacha chini ya kiongozi kwa desibeli 3 au 4, na kutogusa kabisa kile kimya chake kabla hajaanza. Wenzangu wengine wanasema najisumbua bure.

Turudi kwa Caul, maana yeye anafanya kinyume kabisa. Anajitapa kwamba hajali watu wanaongea nini, anachotaka ni rekodi nono, safi. Ni ngao hiyo. Miaka ya nyuma, kanda aliyoinasa New York ilisababisha watu watatu kuuawa, na tangu hapo amejifunza kusikia sauti bila kusikia watu. Isipokuwa safari hii kuna kitu kinampenya. Mwanamke kwenye kanda, Ann, anamwona mzee amelala kwenye benchi la bustani, naye anaongea kwa upole, chinichini, kuhusu jinsi mzee huyo alivyowahi kuwa mtoto wa mtu. Cindy Williams anayasema maneno haya kama mtu anayejisemea. Caul anayarudia, anayarudia. Nafikiri hapo ndipo anapotekwa, kabla hata ya ile sentensi maarufu. Amemsogeza mwanamke huyu mpaka karibu na sikio lake, karibu kuliko mwanamke yeyote aliyepo kwenye maisha yake, na akadhani ukaribu huo ni kumfahamu. Kumbe ni yeye mwenyewe aliyeutengeneza kwa mikono yake mezani.

Sentensi yenyewe imefunikwa na ngoma za wapiga muziki wa uwanjani. Caul anaipitisha kwenye chombo alichokitengeneza mwenyewe, ngoma zinazama, na sauti ya kijana inaibuka. Maana yake kwa Kiswahili ni hii: angepata nafasi, angetuua. Uzito umekaa kwenye kuua. Caul anaganda. Wawili hawa ni windo, na mkurugenzi aliyelipia kanda ndiye mwindaji. Kuanzia hapo filamu nzima inaendeshwa na sentensi hiyo moja. Anakataa kukabidhi kanda, zinaibwa, anakwenda kukodi chumba cha hoteli jirani na chumba kilichotajwa kwenye mazungumzo, anasikiliza kupitia ukutani.

Aliyekufa, mwisho wa yote, ni mkurugenzi. Ann yuko hai, amependeza, anatazama bila kupepesa. Kisha kanda inarudi kichwani mwa Caul na sisi tunaisikia naye kwa mara ya mwisho, ila sasa uzito umehamia kwa "sisi". Yule angetuua sisi, kwa hiyo tumwahi. Kumbe waliokuwa wakiongea si windo. Walikuwa wanajipa ruhusa.

Badiliko hili halikuwa kwenye mpango wa awali wa filamu. Walter Murch, aliyesimamia sauti na uhariri huku Coppola akiwa amehamia kwenye The Godfather Part II, aliwahi kumsimulia habari yake mwandishi wa riwaya Michael Ondaatje, na mazungumzo yao yakawa kitabu mwaka 2002. Rekodi za Union Square zilikuwa na matatizo, kwa hiyo Murch aliwachukua waigizaji wawili akawarekodi upya mahali penye utulivu. Katika mojawapo ya marudio, Frederic Forrest alilitamka neno kwa uzito usio sahihi. Likawekwa pembeni kama kosa. Baadaye, wakati wa kuchanganya sauti, Murch akalikumbuka na kuliweka mwishoni. Yaani ufunguo wa filamu yote ulikuwa kwenye mabaki. Mhariri mwenye haraka angekuwa ameshalifuta.

Wapo wanaosema huu ni ujanja usio halali. Kanda ni ushahidi, wanasema, haiwezi kubadilika katikati ya hadithi, na kama mwanzoni kijana alisema hivi, mwishoni hawezi kusema vile. Nawaelewa, ila nadhani wanaidai kanda kitu ambacho haikuwahi kuwa nacho. Hatujawahi kuisikia kanda ghafi, hata dakika moja. Tangu mwanzo tunachosikia ni mchanganyiko wa Caul, kanda tatu zilizounganishwa na mtu aliyeamua mwenyewe kipi kipande na kipi kishuke. Mtu wa namna hiyo, akiwa na dhambi ya New York kifuani na sanamu ya Bikira Maria nyumbani, akisikia "angetuua" atasikia nini kingine? Alisawazisha sauti na huruma yake ikaingia mlemle kwenye usawa. Hakudanganya, na kila neno lilikuwepo.

Lawama yangu iko kwingine. Filamu inayosikiliza kwa makini hivi inawasikiliza wanawake wake kama sauti tu. Amy, mpenzi wa Caul anayeigizwa na Teri Garr, anauliza maswali, hajibiwi, anatoweka. Ann tunamfahamu kwa kanda na kwa sura kwenye ngazi, na alipofanya jambo zito kuliko mengine yote kwenye hadithi, hatupewi sauti yake, tunapewa kelele za nyuma ya ukuta. Unaweza kusema ndivyo Caul anavyowasikia, na ni kweli. Bado naona Coppola amejificha nyuma ya Caul kidogo.

Filamu ilishinda tuzo kuu ya Cannes mwaka huohuo wa 1974. Kwenye Oscar iliteuliwa kwa ajili ya sauti, ikashindwa na Earthquake, filamu ya tetemeko la ardhi ambayo kumbi za sinema zilifungiwa spika maalumu ili viti vitikisike. Nacheka kila nikikumbuka.

Nimeandika haya yote kwa sababu nyingine pia, na ni ya nyumbani. Filamu zetu za Kiswahili zina watu wanaojua kuongea. Lafudhi zake, mipasho yake, jinsi mama mkwe anavyoweza kumaliza mtu kwa salamu tu, hayo riwaya inayapata kwa shida na filamu ingeyapata bure. Lakini mara nyingi sana kinanda kimewekwa juu ya maneno, na muziki unaingia kwa nguvu palepale mhusika anaposhusha sauti kusema jambo la maana. Ndani, sauti inagonga kuta na kurudi. Nje, upepo. Tukija kukosoa tunasema hadithi ilikuwa dhaifu. Pengine ilikuwa dhaifu kweli, lakini nusu yake hatukuisikia. Mtu aliyeandika zile sentensi ana haki ya kukasirika.

Na tukishapata sauti safi, lugha yetu inatuletea mtego wake wenyewe. Kiingereza kinaweza kuhamisha uzito kutoka kwenye kuua kwenda kwa "sisi" bila kugusa neno hata moja, ndiyo maana Murch aliweza. Kwetu "sisi" amejificha tumboni mwa kitenzi: a-nge-tu-ua. Mkazo wa Kiswahili unaangukia silabi ya pili kutoka mwisho, na ile -tu- haiko hapo. Ipandishe desibeli 10 ukitaka, watu watadhani spika imeharibika. Kusisitiza kwetu kunahitaji neno la ziada: angetuua sisi, au sisi ndio angetuua. Sasa anayeandika tafsiri ya chini ya skrini afanye nini? Akiweka "sisi" tangu mara ya kwanza, ameuza siri kabla ya nusu ya filamu. Akiliongeza mwishoni tu, maandishi yatakuwa yamebadilika wakati kanda inajifanya ni ileile, na mtazamaji wa Kiswahili atapewa kwa jicho kile ambacho mwenzake wa San Francisco alitakiwa akidake kwa sikio.

Nimejaribu njia kadhaa kwenye daftari. Inayonikera kidogo kuliko nyingine ni kuacha "angetuua" kila mara, na ile mara ya mwisho kutoandika chochote, skrini ibaki tupu wakati sauti inasema. Watu wameshaikariri sentensi kufikia hapo, na macho yakikosa pa kusoma, sikio litaamka. Ila rafiki yangu mmoja aliyekulia kwenye vibanda vya video, kwa watafsiri wa mdomo wa aina ya Lufufu wa Dar es Salaam au DJ Afro wa Kenya, alinitazama kwa huruma. Wale huishusha filamu na kuongea juu yake, hawana habari na Murch. Kibandani, anasema, mtafsiri angeizima sauti ya Coppola yote, angevuta pumzi, halafu angeuliza chumba kizima: mlikuwa mnamwonea huruma nani, nyie?